Boti ya Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa, Tuntufye hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake. Miguu yake aliijua, maana mtu anayeinamisha macho huona miguu, na miguu ya mzee yule ilikuwa mipana, kidole gumba cha kulia kimekwenda upande wake kama hakitaki undugu na wenzake. Kisogo chake alikijua. Kikohozi chake angekitambua katikati ya soko. Lakini uso, hapana. Hata picha ya harusi ya mzee, iliyotundikwa sebuleni, aliifuta vumbi kila wiki huku akitazama dirishani.

Msidhani walikuwa na ugomvi. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa akaleleka hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, hasemi mkwe akisikia, hakutani naye njiani, wala halitamki jina lake. Siku hizi wako wanaokula na wakwe zao meza moja na kuchekeana mpaka meno ya mwisho. Sawa, wao na dunia yao. Tuntufye alilelewa Busale na bibi ambaye alikuwa hasemi jambo mara mbili, na alichofundishwa kilimkaa.

Mzee aliitwa Zebedayo. Sisi tunaweza kumtaja bila wasiwasi, Tuntufye hakuweza. Jumapili moja alipangiwa kusoma Injili kanisani, akafika pale penye wale ndugu wawili wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu pamoja na baba yao, Zebedayo. Akasita, akakohoa, akasoma, "Wana wa yule mzee," akaendelea mbele bila kutetereka. Kanisa zima lilimwelewa. Mchungaji peke yake, aliyekuwa mgeni kutoka Iringa, ndiye aliyefungua Biblia yake kuhakikisha.

Miaka kumi ya mwanzo heshima hiyo haikumwelemea. Zebedayo alikuwa mpishi wa meli iliyotoka bandari ya Itungi kuteremka na ziwa mpaka Mbamba Bay. Alikuja nyumbani Lyulilo siku mbili tatu kwa mwezi, akala, akakohoa, akaondoka. Mkewe alipofariki alikaa wiki tatu, kisha akarudi melini. Tuntufye na mumewe Hezroni, fundi seremala, waliishi kwenye nyumba ile ya mzee kama yao. Kila Jumamosi wanawake wa Kikisi walipoleta vyungu sokoni kwa mitumbwi, Tuntufye aliwalaki majini, akanunua, akavipanga kwenye majani makavu ya migomba, akavipakia kwenye lori kwenda kuviuza Kyela mjini. Maisha yalikwenda.

Ndipo yakaja yale mambo ya mashirika ya umma kupunguza watu. Mwaka tisini na mbili Zebedayo aliitwa ofisini, akapewa bahasha ya kiinua mgongo, akashikwa mkono, akaambiwa asante kwa miaka ishirini na saba. Akateremka melini na sanduku lake la bati na kigoda alichokalia jikoni. Akakiweka kigoda barazani, akakaa.

Baraza ile ilitazama njia ya kwenda ziwani. Kwa njia hiyo, kutoka mlangoni mpaka kwenye maji ni dakika tatu, hata ukiwa na mtoto mgongoni. Sasa njia ilikuwa na mtu. Tuntufye akaanza kupita nyuma: unaizunguka migomba, unaufuata uzio wa jirani, unavuka mtaro, ndipo unatokea ufukweni mbali kule. Robo saa kwenda na robo saa kurudi, ndoo kichwani, mara nne au tano kwa siku. Masika mtaro ule ulikuwa tope la magotini. Alianguka humo mara mbili na vyungu, akanyanyuka, akanyamaza, maana utamlalamikia nani? Mzee hajakosa. Amekaa nyumbani kwake.

Naye mzee alijitahidi. Kila alipotaka kutoka chumbani au kuelekea chooni, alikohoa kwanza, mara moja, kwa nguvu, kama honi ya meli inayotaka gati. Tuntufye alikuwa na muda wa kuhesabu moja mpaka tano awe ametoweka. Hezroni ndiye aliyekuwa katikati: apeleke chakula kwa baba, arudishe sahani, apeleke neno, alete jibu. Wakati mwingine alisimama uani akiwa na randa mkononi amesahau alikuwa anatengeneza nini.

Jambo jingine lilijulikana taratibu. Mzee alikuwa halali. Kitanda kisichoyumba kilimkosesha usingizi. Alfajiri moja Hezroni alimkuta amejikunja ndani ya mtumbwi wa jirani uliofungwa ufukweni, mawimbi yanambembeleza, anakoroma.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwezi wa tatu mwaka tisini na nne, tangazo likabandikwa kwenye nguzo ya soko. Shirika moja lililokuwa likikusanya mpunga wa vijiji vya ziwani lilikuwa limefungwa, na mali zake zilikuwa zinauzwa kimoja kimoja. Mashine ya kukoboa ilishauzwa. Magari yalishauzwa. Kilichobaki Lyulilo ni boti ya mbao, ndefu hatua kumi na nne, iliyokwisha kung'olewa injini. Juu yake kulikuwa na chumba chenye kitanda cha ubao, madirisha mawili na pembe ya kuwekea jiko la mkaa. Bei, shilingi laki mbili na nusu. Mwisho wa kununua, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ikifika siku hiyo hakuna mtu, mwenye baa mmoja wa Kyela alikwisha kusema ataichukua aipasue, mbao zile nzuri afanyie kaunta.

Jioni ile Zebedayo alimwita mwanawe barazani.

"Hezroni, ile boti nataka kuinunua."

"Tata, haina injini. Utakwenda nayo wapi?"

"Siendi popote. Nakaa humo."

"Kwa siku ngapi?"

"Mpaka mtakaponizika."

Jikoni, nyuma ya ukuta wa matofali mabichi, Tuntufye aliyasikia yote. Tuseme kweli, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye aliisema: moyo wake uliruka kwa furaha. Aliiona njia ya dakika tatu imefunguka mbele yake, nyeupe, kavu. Kisha papo hapo akaona aibu, akaketi juu ya gogo la kuni. Mtu gani anafurahi mzee wa watu akienda kulala majini? Akajisonya mwenyewe, akakoroga ugali mpaka ukaungua.

Hezroni aliingia jikoni amekunja uso. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haiwezekani. Watasema mke wangu amemfukuza baba."

Hofu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imemkaba Tuntufye. Lakini wiki ile alimchunguza mzee kwa njia alizokuwa nazo. Alisikia kitanda kikilia mpaka karibu na alfajiri. Aliona sahani zinarudi nusu. Akaona ile miguu mipana, asubuhi, inakwenda mpaka kwenye boti, inaizunguka, inasimama, inarudi. Siku ya nne akamwambia mumewe, "Baba yako ana mambo mangapi aliyowahi kukuomba?"

Hezroni akafikiri. "Hakuna."

"Basi hili ni la kwanza."

Fedha yenyewe ilikuwa hivi. Kiinua mgongo kilikuwa kimebaki laki moja na elfu kumi na tano. Kiasi kingine kilikwisha kwenye bati za nyumba na saruji ya kaburi la mkewe. Ng'ombe mmoja akauzwa, elfu thelathini na tano. Ikapatikana laki moja na nusu. Ikapungua laki nzima.

Baba na mwana wakafunga safari ya benki, Kyela mjini, wamevaa mashati ya kanisani. Bwana mikopo alikuwa kijana mwenye adabu. Akachukua fomu.

"Mzee, mkopo wa nini?"

"Wa nyumba."

"Vizuri. Iko kiwanja namba ngapi?"

"Haina kiwanja. Inaelea."

Kijana akaweka kalamu chini, akaichukua tena. "Basi hicho ni chombo. Chombo cha biashara tunaweza kuangalia. Kitaingiza nini kwa mwezi?"

"Hakiingizi kitu. Nitalala humo."

Kijana alijaribu sana, hilo lazima lisemwe. Aliifungua fomu ya nyumba, akaifungua ya vyombo, akamwita mkubwa wake. Mwishowe akasema kwa upole, "Mzee wangu, benki haikopeshi usingizi."

Zebedayo alilipenda neno hilo. Njiani alilirudia mara tatu akicheka. Lakini alipofika nyumbani hakula.

Zilikuwa zimebaki siku sita. Ndipo Tuntufye akakumbuka shamba lake. Kaka yake wa Busale alikuwa amempa kipande cha shamba la marehemu baba yao, eka mbili za mpunga, na mwaka ule mpunga ulikuwa umesimama vizuri, wa kijani kiasi cha kuudhi majirani. Na Kyela mjini kulikuwa na mfanyabiashara aliyenunua mpunga kabla haujavunwa. Aliitwa Kheri, mtu wa Kilwa, aliyekuja biashara zilipofunguliwa, ana miaka miwili tu mjini na mizani mpya. Riba hakutoza, dini yake haikumruhusu. Alikulipa leo bei ya leo, ukamletea magunia yake siku ya mavuno. Ukikosa, unamlipa kwa kitu kingine. Watu walimsifu kwa ukweli na wakamsengenya kwa maneno mengi.

Hezroni alikwenda kwanza. Akarudi jioni.

"Ameuliza shamba ni la nani. Nikasema la mke wangu. Akasema, 'Basi aje mwenye shamba, na aje huyo mzee mwenye haja. Wakae hapa kwenye benchi langu wote wawili. Mimi siandiki sana, bwana. Mimi nasoma nyuso.'"

Wakatazamana.

"Hukumwambia?" Tuntufye akauliza.

"Nilimwambia wewe na baba hamkai pamoja. Akasema mkataba wa watu wawili unahitaji matako mawili kwenye benchi."

Tuntufye alicheka bila kupenda. Kisha akasema atakwenda. Huko huko wataona.

Jumatano alfajiri alipanda lori la vyungu. Mzee alipanda gari jingine saa mbili baadaye, maana gari moja haliwezi kuwabeba wawili hao. Tuntufye ndiye aliyetangulia kufika. Kheri alimkaribisha vizuri, akamkalisha kwenye benchi, akammiminia chai ya tangawizi, akamuuliza habari za Busale, mvua, mto, panya. Alikuwa mtu mnene kidogo, mwenye kofia safi na macho yanayokufuata. Walikuwa wanaelewana. Magunia kumi, elfu kumi kila gunia. Laki ileile.

Nje, kwenye veranda, kikohozi kikalia.

Hesabu ile ya moja mpaka tano ilikuwa kwenye damu yake. Tuntufye aliruka benchi, akaipita mizani, akatumbukia nyuma ya shehena ya magunia ya mchele na kujifunika kanga mpaka utosini. Kikombe chake kikabaki kwenye benchi kinatoa mvuke.

Zebedayo alikuwa ametia mguu mmoja ndani. Akaona pindo la kanga likipotea nyuma ya magunia. Akautoa mguu nje, akageuka, akasimama verandani amelipa duka mgongo, macho kwenye barabara.

Kheri akatazama magunia. Akatazama mgongo. "Jamani! Kuna nini? Mmegombana?"

Magunia hayakujibu. Mzee akajibu kwa barabara, "Hatujagombana, bwana Kheri. Tunaheshimiana."

"Kwetu wanaoheshimiana hupeana mikono."

"Kwetu hukimbiana."

Hapo Kheri alifanya kosa la mtu mwema. Alijiambia: hawa wana kisirani cha nyumbani, nami Mungu amenileta nikiondoe. Akatoka, akamshika mzee kifundo cha mkono, akamvuta ndani kinyumenyume. "Njoo, mzee wangu. Dada, toka huko. Shikaneni mikono, tunywe chai, shetani aaibike!"

Mzee alikuwa amefumba macho, anajivuta. Tuntufye, alipoona vile visigino vinamjia, akatambaa ndani zaidi, bega likasukuma gunia la juu, gunia likaanguka, likapasuka. Mchele ukamwagika sakafuni mpaka mlangoni. Wapita njia wakasimama.

Kheri akamwachia mzee. Aliutazama mchele wake, akaketi nyuma ya meza, akafunga kopo lake la fedha. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Basi. Nimeona. Sina ubaya na mtu, lakini siwezi kuweka pesa yangu katikati ya watu wawili wanaokimbiana. Mafuriko yakichukua mpunga nitamdai nani? Huyu atanielekeza kwa yule, yule kwa huyu. Nendeni mkapatane kwanza."

Ilikuwa Jumatano. Boti ilikuwa inauzwa Ijumaa. Nyuma ya magunia Tuntufye alikuwa na maneno tele mdomoni, na hakuweza kulitoa hata moja, kwa kuwa mzee angesikia. Miaka yote heshima ile ilikuwa nguo yake ya fahari. Siku hiyo ilimziba mdomo mbele ya mtu mmoja aliyebaki wa kuwasaidia. Alijiona yeye ndiye aliyeizamisha boti, kwa mguu wake mwepesi.

Zebedayo alikuwa amerudi verandani. Akavuta pumzi. Akaanza kusema, taratibu, bado amelipa duka mgongo.

"Bwana Kheri, wewe unasoma nyuso. Mimi uso wa mke wa mwanangu siujui. Nikipishana naye soko la Tukuyu amevaa kanga ya kuazima, nitampita. Lakini nikuambie ninayoyajua. Mke wangu aliugua miezi minne, mimi niko melini nawapikia abiria. Aliyemwogesha ni yeye. Niliporudi kuzika, shuka zilikuwa nyeupe. Hakuna aliyeniambia, nilinusa mwenyewe."

Kheri akaliacha kopo lake, akasogeza kiti kuelekea mlangoni.

"Siku nilipostaafishwa nilisukuma pilipili pembeni ya sahani, mara moja. Haikurudi tena. Chakula kinaletwa na mwanangu, lakini najua mkono uliopika. Sasa sikia. Mimi nakaa barazani kwenye kigoda changu. Mbele yangu ndiyo njia ya maji. Yule mtoto hawezi kupita. Anazunguka nyuma ya migomba, anavuka mtaro, mara tano kwa siku. Nahesabu, kazi nyingine sina. Nilisikia alivyoanguka na vyungu. Hata kuguna hakuguna. Nikajaribu kushinda ndani, akadhani naumwa, akachinja kuku. Nikajaribu kutembea, mvua ikanirudisha. Nikaona, hapa anayezuia njia ni mimi."

Akakohoa kidogo, si kile cha kuonya.

"Ni kweli nchi kavu sipati usingizi. Lakini hata ningelala fofofo ningeondoka. Ila nikijenga kibanda pembeni, kijiji kitasema mkwe kamfukuza mzee, na mtoto wa watu hajanifukuza. Nikinunua boti watasema nini? Watasema baharia yule ameshikwa na wazimu wa maji. Basi, afadhali wanicheke mimi. Ndiyo haja yangu. Kama huo ni ugomvi, kaa na pesa yako."

Kisha nyuma ya magunia kikasikika kilio cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga na kanga haikutosha.

Kheri alipenga kamasi. "Mbona yeye hasemi?"

"Hawezi nikisikia. Nakwenda pale kwa fundi baiskeli. Muulize mwenyewe."

Ile miguu mipana ikashuka ngazi, ikavuka barabara. Tuntufye akatoka, mchele kwenye nywele, uso umelowa. Kheri akamtazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi lile. Kisha akafungua kopo.

"Magunia kumi?"

"Kumi."

"Na mchele huu uliomwagika?"

"Nitauokota na kuupepeta wote kabla sijaondoka."

"Haya. Unamdhamini nani? Nitajie jina niandike."

"Babu yake Asifiwe," alisema Tuntufye. Asifiwe ni binti yake wa kwanza.

"Jina lake, dada."

"Kwangu ndilo jina lake."

Kheri akacheka mpaka kofia ikasogea, akaandika hivyohivyo: Babu yake Asifiwe, shilingi laki moja. Akavuka barabara mwenyewe kumpelekea mzee fedha, huku Tuntufye amepiga magoti anaokota mchele, punje kwa punje, analia na kucheka pamoja. Kutoka ng'ambo alisikia sauti ya mzee ikishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, bwana Kheri. Ndaga fijo."

Boti ilinunuliwa Ijumaa, saa moja kabla ya mwenye baa kufika na misumeno yake. Hezroni alishinda wiki mbili chini yake, akiziba nyufa kwa pamba na lami. Alikuwa bado hajapona aibu, lakini mkewe alipomsimulia yaliyosemwa verandani alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko kitambo, na aliporudi aliongeza rafu ya vikombe ambayo hakuombwa. Kijiji kilisema vilevile kama mzee alivyokadiria: baharia yule amepatwa na wazimu wa maji. Walicheka, kisha wakazoea.

Deni nalo, kwa wanaotaka kujua. Mwezi wa nne mto ulipanda mpaka mashambani, shamba la Busale likatoa magunia saba badala ya kumi. Matatu yaliyopungua yalilipwa kwa vyungu, na kwa usipa mkavu ambao mzee alivua usiku na kuuanika mchana juu ya paa la chumba chake. Krismasi ilipofika Kheri alikata ule mstari wa deni. Alikuja Lyulilo mwenyewe kuiona boti, akanywa chai humo ndani, akashuka anayumba, akasema mambo ya maji hayamfai mtu aliyezaliwa pwani.

Lakini asubuhi ya kwanza ndiyo ya kusimuliwa. Jana yake Hezroni alikuwa amebeba sanduku la bati, blanketi, sufuria mbili na kigoda. Tuntufye aliamka, akachukua ndoo, na miguu yake yenyewe ikampeleka nyuma ya migomba. Alifika kwenye mtaro ndipo akakumbuka. Akasimama. Akarudi, akazunguka nyumba, akatokea mbele.

Baraza ilikuwa tupu. Kwenye sakafu ya udongo kulikuwa na vishimo vitatu, alama za miguu ya kigoda. Alidhani atapita pale kwa furaha, na badala yake alichutama. Aliweka mkono juu ya vile vishimo, akauondoa, akashuka na njia. Dakika tatu.

Boti ilikuwa imefungwa hatua thelathini kutoka ufukweni, inapanda na kushuka. Na mzee alikuwa amekaa mbele ya chumba chake, juu ya kigoda, ameipa nchi kavu mgongo. Hakuwa na milima mbele yake, wala soko, wala watu wanaopita; alikuwa na maji matupu mpaka ng'ambo ya Malawi. Ndipo Tuntufye akaelewa neno ambalo Hezroni alimwambia usiku bila kujua uzito wake: baba ameagiza kigoda kipigiliwe misumari kikitazama ziwani, pengine anaogopa mawimbi.

Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Alichota maji bila haraka. Akanawa uso. Akaosha miguu, mmoja, wa pili, kama mtu aliye kwake. Kwa miaka miwili hakuwahi kuchota maji bila kutega sikio.

Mzee akakohoa. Mara moja tu.

Tuntufye alishtuka, akashika ndoo akimbie. Kisha akaona kwamba mgongo ule haukusogea. Hakuna aliyekuwa anakwenda chooni, hakuna aliyetaka njia. Kikohozi kilikuwa kimekuja kumsalimia.

Akatazama kulia na kushoto. Ufukwe ulikuwa mtupu. Hakuna bibi wa Busale aliyewahi kukataza hili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifikiria. Akasimama wima, akageuka kuelekea milimani, na yeye akakohoa, mara moja, kwa nguvu.

Nyuma yake, juu ya maji, alisikia mzee akicheka. Akajitwika ndoo, akapanda nyumbani kwa njia fupi.